Kabati la Sanamu za Meno: Maisha ya Mzee Eliakim Ndetaramo Nkya

Baba Mchungaji, wazee wa usharika, majirani wa tambarare na wa mlimani, ndugu wa ukoo wa Nkya na wakwe zetu, wakubwa shikamooni, wadogo poleni kwa msiba. Ninayesimama hapa ni Kindness, mtoto wa nne na kitindamimba wa marehemu, na kazi hii ya kuandika na kusoma nimepewa na familia kwa sababu nina digrii ya mawasiliano kwa umma na sina ajira, kwa hiyo muda ninao, nimekuwa nao miaka minne na miezi mitatu. Kamati ya mazishi ilinipa karatasi iliyokwisha kuandikwa, ukurasa mmoja, safi, na karibu yote yaliyomo ni kweli, isipokuwa mstari mmoja unaosema kwamba marehemu aliamua kupumzika kazi kwa hiari yake mwezi Machi 2023. Mstari huo ni uongo, aliyesababisha ukaandikwa ni mimi, na baba yangu hatashushwa kaburini leo akiwa amebeba kosa langu. Nitapita hatua zote kama ilivyo desturi yetu, kuzaliwa, shule, kazi, ndoa, watoto, ugonjwa na mauti, na tukifika kwenye mstari huo nitakaa hapo kidogo, naomba mnivumilie.

Marehemu Eliakim Ndetaramo Nkya alizaliwa tarehe 12 Machi 1955 katika kijiji cha Uswaa, Machame, akiwa mtoto wa tatu kati ya saba wa Mzee Ndetaramo na Bibi Elinipendo, akabatizwa tarehe 29 Mei mwaka huohuo, akakua akitunza ng'ombe wawili wa ndani, akikata majani na kunywa maji ya mfongo, mfereji wetu unaoshuka kutoka msituni. Maji hayo nayataja kwa makusudi, kwa sababu yalimpa meno meupe ambayo maji ya tambarare hayakuwahi kumpa mtu, na maisha yake yote yalizunguka hapo, kwenye swali la nani alikunywa maji gani akiwa mtoto.

Alisoma shule ya msingi kijijini kuanzia mwaka 1963 hadi 1969, akaendelea na sekondari hapa Moshi kuanzia 1970 hadi 1973, akafaulu, ingawa si kwa kishindo kama karatasi ya kamati inavyodai, kisha akakaa nyumbani miaka miwili akipiga dawa kahawa za babu. Mwezi Januari 1976 alikwenda Dar es Salaam kujifunza ufundi wa meno ya bandia, wenzake wakamcheka, wakamuuliza kama anakwenda kusomea kuchonga vijiko, akarudi Desemba 1978 na cheti, na tarehe 1 Julai 1979 akaajiriwa katika kitengo cha meno cha hospitali ya serikali hapa mjini, akakaa humo hadi alipostaafu kwa umri tarehe 12 Machi 2015. Kwa wasioelewa kazi hiyo, daktari wa meno ndiye anayeingia kinywani mwa mgonjwa, anamng'atisha ile dawa laini kama ugali ili ishike umbo la ufizi na meno yaliyobaki, halafu umbo hilo linakwenda kwa fundi, fundi anamimina plasta, anapata sanamu ya kinywa kizima, na juu ya sanamu hiyo ndipo anapojenga jino kwa nta kwanza, kisha kwa plastiki ngumu au kaure. Mgonjwa anamshukuru daktari, fundi yuko chumba cha nyuma na vumbi lake, baba alikaa chumba cha nyuma karibu miaka thelathini na sita.

Mwaka 1981 alimtengenezea bibi mmoja wa Kwa Sadala meno ya juu, meupe, yamenyooka kama alivyofundishwa chuoni, naye alijivunia sana kazi hiyo. Baada ya wiki mbili bibi yule alirudi akiwa ameyafunga kwenye pembe ya kanga, akayaweka mezani, akamwambia, "Baba, haya utakuwa umekosea, ni ya mtu mwingine. Mimi nimekunywa maji ya hapa, wajukuu wananiita mzungu." Ninyi mnajua, na mimi najua, kwamba maji ya visima vya tambarare yana madini yanayoingia kwenye jino la mtoto kabla halijaota, likitoka linatoka na michirizi ya kahawia, huisugui ikatoka, huipaki chumvi ikatoka, unazikwa nayo. Baba alimwomba bibi msamaha, akachukua rangi za kuchanganya, akachora michirizi ile jino kwa jino, moja akalipinda kidogo, na bibi alipojitazama kwenye kioo alicheka mpaka akaomba maji. Tangu siku hiyo baba hakumchagulia mtu rangi ya jino kabla hajamuuliza, "Ulikulia maji ya wapi?" na jibu lake aliliandika kwa penseli kwenye kitako cha sanamu, jina, tarehe, na maji.

Marehemu alifunga ndoa takatifu na mama yetu Yuditha tarehe 8 Desemba 1984, Mungu akawajalia watoto wanne, Jesse aliyezaliwa mwaka 1986, Beatrice mwaka 1989, Calvin mwaka 1992, na mimi tarehe 3 Juni 1997. Kihamba cha Uswaa, shamba letu la ukoo, kilikuwa kidogo, ndugu ni wengi, kwa hiyo mwaka 1990 baba alihamia huku chini, kwenye shamba hili la tambarare ambapo leo tunamlaza, akachimba kisima, akapanda mahindi na alizeti, nasi sote tulikua kwa maji ya kisima hicho, na meno yetu sote wanne ni ya kahawia, ya kwangu yakiwa ya kahawia zaidi. Baba hakuwahi kusema kwamba hilo linamuuma, lakini alipokuwa akitutazama tukicheka alikuwa anatazama pembeni, na mama anasema kwamba aliwahi kumwambia, "Hawa watoto nimewapaka mimi rangi, Yuditha, kwa kisima nilichokichimba mwenyewe."

Baada ya kustaafu, tarehe 15 Juni 2015, alifungua chumba chake cha kazi Soweto, Moshi, meza mbili, mashine ya kusagia, jiko la kuchemshia plastiki, na kabati la mbao lenye rafu nane ambamo alihifadhi sanamu za vinywa vyote alivyovihudumia, zimefungwa kwenye magazeti, ili mtu meno yake yakivunjika, au yakidumbukia chooni kama ilivyomtokea mmoja wenu ambaye simtaji, asianze upya kung'ata ile dawa. Daktari wake alikuwa Daktari Primus, Mkatoliki wa Kibosho, walibishana dini asubuhi na meno mchana. Wateja walikuja wakiogopa, baba akawaeleza kwa lugha ya shambani, kwamba mwenye jino lililovunjika lakini mzizi mzima atavishwa kofia, mwenye pengo moja au mawili anaweza kujengewa daraja ila wale majirani wawili wazima watasagwa ili walibebe, mwenye mfupa mzuri na subira anaweza kupandiwa skrubu kwenye taya ikaachwa miezi ishike mizizi kama mche wa kahawa, na aliyebaki bila kitu atapata sahani ya kuvaa na kuvua, ambayo usiku lazima ailaze kwenye maji ili ufizi nao upumue. Aliwaambia ukweli hata kama ulimfukuzia kazi, na neno la mwisho lilikuwa lilelile kila siku, "Tutakaojua ni mimi, daktari na kabati, basi." Wapo hapa watu wazima, wapo wanakwaya, wapo wasimamizi wa harusi na wasemaji wa ukoo, ambao wanatafuna kazi ya mikono yake na hata wenzi wao hawajui, na msiwe na wasiwasi, leo sitaji, nimeshataja mmoja na ndiyo yaliyotufikisha hapa.

Nilihitimu tarehe 20 Novemba 2020, nikapiga picha kumi na saba na katika zote mdomo nimefunga. Nilituma CV mpaka mwenye stationery akawa ananiita shemeji, naitwa interview, naambiwa experience miaka mitatu, nikiuliza experience nitaipata wapi wananiambia next please, na kila nikitoka nilijua moyoni kwamba tatizo si experience, tatizo ni meno, kwa sababu wenzangu wa Dar waliopata hizo kazi walikuwa wanacheka wazi kama tangazo la dawa ya mswaki. Mwezi Februari 2021 nilimwomba baba anifanyie kofia sita nyeupe za mbele, yeye fundi, daktari rafiki yake, kitu gani kinashindikana. Baba alisema ili kofia ikae lazima jino lisagwe libaki kisiki, na meno yangu ni mazima, yana nguvu, yana rangi tu, na Daktari Primus alisema hagusi. Nilimjibu vibaya, nilimwambia kwamba anawapaka wazee wa watu kahawia kwa ufundi halafu binti yake anakosa kazi kwa kahawia ya bure, naye akanipa ufunguo wa pili wa chumba cha Soweto akasema, "Njoo unisaidie kusaga wakati unatafuta." Ndivyo nilivyopata kazi ya kwanza na ya mwisho mpaka leo, na ndivyo nilivyolijua kabati.

Sasa nafika kwenye ule mstari. Mwalimu Hellen Urassa, mstaafu, msomaji wa masomo katika usharika wetu, ameniruhusu nimtaje kwa jina, bila ruhusa yake nisingethubutu. Tarehe 21 Oktoba 2018 alianguka na bodaboda akavunja meno sita ya mbele, ya juu yaliyobaki yalikuwa yamelegea, Daktari Primus akayaondoa, na baba akamtengenezea meno ya taya zima la juu, akayakabidhi tarehe 9 Februari 2019. Ninaposema ni kazi bora kuliko zote alizofanya, nasema kama mtu aliyezisaga nyingine, kila jino lilikuwa na michirizi yake, moja lina ufa mwembamba kama wa kikombe cha zamani, na mwalimu alirudi mbele ya kanisa akasoma kwa sauti ileile, hakuna aliyegundua, hata dada yake.

Tarehe 17 Agosti 2022, siku ya Jumatano, niliitwa interview kwenye shule moja ya binafsi huko Himo, wanatafuta mtu wa mahusiano na wazazi, na katika meza ya watu watatu alikaa Mwalimu Hellen, mjumbe wa bodi. Nilijibu vizuri, honestly nilijibu vizuri, lakini mkono wangu ulikuwa mdomoni kama kawaida yangu, na Mwalimu Hellen akaniambia, "Toa mkono, mwanangu, tukusikie. Hapa wote tumekunywa maji hayohayo." Wenzake wakacheka, mimi pia nikacheka, lakini ndani nilikuwa naungua, kwa sababu sahani yake ilipoletwa kurekebishwa mwaka uliotangulia niliishika kwenye kiganja hiki, najua ilichanganywa na nani, najua brashi iliyopaka ule ufa. Nilijisemea kwamba huyu mama amenunua kahawia dukani halafu ananihubiria kisima. Baada ya wiki mbili jina lilitoka, si langu, nikahesabu moja na moja nikapata kumi.

Tarehe 3 Septemba 2022, Jumamosi saa tano asubuhi, baba akiwa amekwenda kuchukua plasta, nilifungua kabati, nikatoa sanamu ya Mwalimu Hellen, nikaipiga picha ikionyesha kitako chenye mwandiko wa baba, Hellen U., 2019, maji ya Sanya, nikafungua akaunti isiyo na jina langu, nikairusha kwenye page ile ya umbea wa Moshi ambayo mnajifanya hamuifuati, na chini yake nikaandika, "Mama mkali wa Himo, kumbe meno yake yanalala kwenye glasi." Digrii yangu ya mawasiliano kwa umma niliitumia siku hiyo, na ilifanya kazi, haikuhitaji experience. Kufikia saa kumi ilikuwa imeingia kwenye group la kwaya, la vikoba, la wazazi wa shule, na kufikia Jumatatu wanafunzi walikuwa wanamwita Mwalimu Glasi. Akaunti niliifuta Jumapili kabla ya ibada, ndiyo kusema nilijua kabisa nilichofanya.

Mwandiko ulikuwa wa baba, kabati lilikuwa la baba, kwa hiyo hakuna aliyemtafuta mtu mwingine. Wapo waliosema amezeeka, wapo waliosema mbege imemzidi, na yeye mbege alikuwa anaionja tu kwenye harusi. Jumapili tarehe 18 Septemba 2022 aliitwa mbele ya baraza la wazee wa usharika, yeye mwenyewe akiwa mzee wa kanisa kwa miaka kumi na tisa, akaulizwa nani alipiga picha ile. Waliokuwemo wananiambia alisimama, akavua kofia, akasema, "Kabati ni langu, mwandiko ni wangu, aibu ni yangu," akaulizwa tena kama alipiga picha, akarudia maneno yaleyale, hakusema uongo hata kidogo, akajiuzulu uzee wa kanisa akarudi nyumbani kwa miguu. Tulikuwa tunakula machalari, ndizi zetu za nyama, akaosha mikono, akaketi, akanitazama kwa mara ya kwanza siku hiyo, akasema, "Kindness, ule ufunguo wako utundike pale kwenye msumari." Nikautundika, akaniongezea nyama, na kwa karibu miaka miwili na miezi mitano iliyofuata hakuniuliza, na mimi sikumwambia.

Wateja walianza kumkimbia, na hapa nina neno kwa baadhi yenu, mlimkimbia fundi lakini meno yake hamkuyavua. Baba akaamua kwamba hakuna kinywa cha mtu kitakachobaki chini ya kufuli lake, akahesabu sanamu mia mbili na kumi na nne, akazipanga kwenye kikapu kumi kumi, akaanza kuzirudisha nyumba kwa nyumba, Hai, Kibosho, Old Moshi, mpaka Himo, ili kila mwenye kinywa aivunje mwenyewe au aihifadhi mwenyewe, na kazi hiyo ilichukua kuanzia Oktoba 2022 hadi Februari 2023. Aliniambia nimbebee kikapu. Nilidhani ananiadhibu, siku hizi nadhani alikuwa ananipa nafasi ya kusema mbele ya kila mlango, milango mia mbili na kumi na minne, na katika kila mlango niliinamisha kichwa kama binti mwema anayemsindikiza baba yake mkosaji, watu wakanionea huruma.

Kwa Mwalimu Hellen tulifika Jumamosi tarehe 19 Novemba 2022. Baba alikuwa amechuma jani la sale, lile ambalo kwetu ukiletewa huwezi kumfungia mtu mlango, akalishika kwa mikono miwili, akainama, mtu wa miaka sitini na saba akimwinamia mwanamke aliyemzidi miaka sita, akaomba radhi kwa ajili ya kabati lake. Mwalimu alilipokea jani, akaipokea sanamu, akaigeuza akasoma kitako, akasema, "Mzee Eliakim, mpaka maji yangu uliyaandika. Sikulaani. Ila kule mbele sitasoma tena, watoto hawanisikilizi, wananitazama mdomo." Kisha akanigeukia mimi, akanimiminia chai, akasema, "Na wewe ndiye Kindness wa Himo. Mwanangu, nilikupa alama za juu kuliko wote, lakini meneja alikuja na jina lake mfukoni. Usikate tamaa, na ule mkono usiuweke tena mdomoni." Nilikuwa nimekaa kwenye kochi lake, kikapu kiko miguuni, jani liko mezani, baba hata hakunitazama ili asinisukume, mlango umefunguliwa kuliko utakavyofunguliwa tena maishani, na mimi nilisema, "Asante, mwalimu, chai ni tamu," nikainywa mpaka mwisho. Jamani, nimekosa mambo mengi, lakini kile kikombe cha chai ndicho kinachoniamsha.

Tarehe 31 Machi 2023 marehemu alifunga chumba cha Soweto, akauza mashine, akagawa rangi zake kwa fundi kijana, na huo ndio ukweli wa ule mstari unaosema alipumzika kwa hiari. Mama aliniambia wiki hii, tukiwa tumekaa kwenye mkeka, kwamba baba alijua tangu siku ya kwanza, kwa sababu ile picha ilionyesha gazeti limekunjwa pembe tatu, na mkunjaji wa pembe tatu ni mimi peke yangu, yeye alikuwa anaviringisha. Mama alimuuliza kwa nini hamtaji mtoto, naye akajibu, "Mimi kazi yangu nimeshafanya, Yuditha, yeye bado hajaanza." Baba mdogo Wilson, mwenyekiti wa kamati, nakuheshimu, na uliniambia jana kwamba mambo ya nyumbani hayasomwi kwenye spika, lakini lile kosa halikutendeka nyumbani, lilitendeka kwenye simu za watu wote waliokaa hapa.

Kuhusu ugonjwa, mwezi Juni 2024 marehemu alianza kukohoa kikohozi kikavu na kuishiwa pumzi akipanda mlima kwenda Uswaa, akapimwa tarehe 2 Septemba 2024, madaktari wakasema mapafu yamekakamaa kwa sababu ya vumbi alilovuta miaka mingi kwenye chumba cha nyuma, wakampa dawa na mtungi wa hewa. Tarehe 14 Januari 2025 alizidiwa akalazwa, na siku mbili kabla ya mwisho, muuguzi alipokuwa akimlisha mtori, baba alimtazama kinywani akamuuliza kwa shida, "Binti, ulikulia maji ya wapi?" muuguzi akasema Sanya, baba akaitikia kwa kichwa kuridhika, kwamba macho yake bado ni mazima. Mimi nilikuwa nimekaa pale, nikasubiri muuguzi aondoke ili niseme, alipoondoka baba alikuwa amelala. Alifariki Alhamisi tarehe 6 Februari 2025, saa mbili asubuhi, akiwa na umri wa miaka 69, miezi 10 na siku 25, ameacha mjane, watoto wanne, wajukuu saba, na sifa ambayo haikuwa yake.

Juzi Jumapili Mwalimu Hellen alikuja kutupa pole. Nilimfuata nyuma ya nyumba alikokuwa akimenya ndizi na kina mama, nikamwomba pembeni, nikapiga magoti, sikuwa na jani kwa sababu mkono wangu haukustahili kulichuma, nikamwambia yote. Akaniuliza, "Na mzee alijua?" nikasema alijua, akafunga macho, akasema, "Basi nilimwinamisha mtu bure." Nilimwomba anisamehe, akaniambia maneno haya ambayo nayasoma kama alivyoyasema. "Usiniombe mimi hapa kwenye maganda ya ndizi. Mimi ulinitangaza mbele ya watu, na yeye msafishe mbele ya watu. Ukimaliza hilo ndipo uje kwangu, tuone." Sikusamehewa, sikuahidiwa chochote, nilirudi ndani nikaichukua karatasi ya kamati nikaandika hii.

Kwa hiyo, wazee wa usharika, kwa heshima zote, naomba lile lililoandikwa kwenye kitabu chenu tarehe 18 Septemba 2022, kwamba Eliakim Nkya alivunja siri ya mtu aliyemwamini, lifutwe kabla jeneza halijainuliwa, na mahali pake liandikwe jina langu kamili, Kindness Eliakim Nkya. Ninyi mlioacha kumwamkia dukani, mlioketi benchi jingine, mliowaambia watoto wenu wasimpe shikamoo, siwalaumu, niliwapa sababu, naomba tu mtakapopita kumuaga mmwamkie, kila mmoja kwa sauti yake, kama mlivyokuwa mkimwamkia kabla. Na kama yuko hapa mwajiri aliyekuwa akifikiria kuniita, amesikia yote, iko sawa.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, hasa yule binti wa Sanya aliyemlisha kwa subira, inamshukuru Daktari Primus ambaye alibaki rafiki yake wakati urafiki huo haukuwa na faida, inawashukuru mafundi wenzake wa zamani wa kitengo cha meno, majirani waliokata majani ya ng'ombe wetu wiki hii yote bila kuombwa, kina mama waliomenya na kupika, kamati ya mazishi pamoja na baba mdogo Wilson ambaye bado amenikasirikia na ana haki, na inamshukuru Mwalimu Hellen Urassa, aliyekubali jina lake lisomwe tena ili jina la mwingine lipone.

Baba, nimechelewa, nimesema ukiwa husikii, na hiyo nitaishi nayo. Kikapu nimekishusha. Lala, fundi wetu, pumzika kwa amani.